Mwanangu ni nyota wa futiboli chuoni Marekani, na sasa anasema hautaki tena mchezo

MamaWawili ameuliza:

Ndugu na wazazi wenzangu mnaoishi ughaibuni, nawasalimu kwa heshima. Familia yetu ina asili ya Tanga, nasi tumeishi Marekani tangu mwanangu mkubwa alipokuwa na umri wa kuanza shule. Sasa yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kikubwa cha jimbo, ambako anacheza futiboli ya Kimarekani. Kazi yake uwanjani ni kubeba mpira na kukimbia nao huku wanaume wenye kilo 110 na zaidi wakijitahidi kumwangusha. Msimu uliopita alifanya vizuri kupita matarajio yetu, picha yake ikawekwa kwenye mabango ya barabarani, na Jumamosi za mechi za nyumbani uwanja hujaza watu wengi kuliko wanaoenea katika Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam.

Mwezi uliopita aliniambia kwamba hautaki tena mchezo huo. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa maana ilionekana amelifikiria kwa muda mrefu. Alieleza kuwa huamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya mazoezi ya viungo, na kwamba mchana wake huliwa na vikao vya kutazama video za mechi. Masomo nayo hupangwa ili yasigongane na ratiba ya timu. Aliingia chuoni akitaka kusomea uhandisi, akashauriwa achague kitu kingine kwa kuwa vipindi vya maabara huangukia saa za mazoezi. Akalikubali hilo akiwa na umri wa miaka 18, kwa sababu kila mtu aliyemzunguka alilikubali.

Kuna pia mambo ya watu. Mama yangu mzazi alipofariki, baadhi ya waliompigia simu kijana kumpa pole walimaliza kwa kumuuliza kama angecheza Jumamosi. Wacheza kamari asiowajua humtumia matusi kila anapokosa yadi (umbali wa kukimbia na mpira) walizokuwa wameziwekea dau, na wengine humtumia madai ya fedha kupitia simu, kana kwamba yeye ndiye aliyewala. Nyumbani Tanga kaka yangu, yaani mjomba wake, amekwisha kuwatangazia jamaa kuwa kijana atacheza NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, na kila wiki kikundi chetu cha WhatsApp hujaa video zake.

Nina maswali matatu. Akiacha, je, atapoteza ufadhili wa masomo? Je, ni haki ya mzazi kumtaka avumilie hadi amalize, au nikifanya hivyo nitakuwa nimejiunga na hao wanaomtumia? Na je, wapo nyota waliowahi kuacha wakiwa bado wazima, na maisha yao yaliendeleaje? Naomba majibu ya watu wanaoyafahamu mambo haya. Ya kuambiwa tu kwamba nimshukuru Mungu kwa kipaji cha mtoto nimekwisha kuyapata mengi.

Mshauri_Mstaafu amejibu:

Mama, pole kwa msiba, na pole kwa mzigo huu. Nilifanya kazi ya kuwashauri wanafunzi katika chuo kimoja cha huku kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ingawa sikuwa katika idara ya michezo, wachezaji wengi walipita mezani kwangu. Nitaanza na ufadhili kwa sababu ndilo swali lenye karatasi na tarehe.

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hutofautisha sababu za kuondoka. Mchezaji akijiondoa mwenyewe kwa sababu binafsi, chuo kinaruhusiwa kupunguza au kukatisha ufadhili wake wa michezo. Kinaruhusiwa, ila hakilazimishwi, na kuna makocha na wakuu wa idara ambao humwacha kijana amalize. Akiumia, chuo hakiruhusiwi kumnyang'anya ufadhili kwa sababu ya jeraha hilo katika kipindi ambacho ameahidiwa, na katika majumuiya makubwa ya vyuo, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana pamoja, tangu mwaka 2015 haikubaliki pia kumkatia kwa sababu tu kiwango chake kimeshuka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupata nakala ya makubaliano ya ufadhili na kuona yameandikwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka yote.

Karatasi ya pili ni mkataba wa fedha, na hii ni mpya. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wanafunzi wameruhusiwa kupata malipo kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu tarehe 1 Julai 2025, baada ya suluhu ya kesi iliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vilivyojiunga na mpango huo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kiasi cha hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza, zikigawanywa kwa michezo yote. Kwa kijana ambaye sura yake imewekwa barabarani, sitarajii kuwa hana mkataba. Hati za namna hii zinaweza kuwa na kifungu cha kurudisha fedha mchezaji akiondoka kabla ya muda. Wakili, si wakala wake wala rafiki wa wakala, aisome kabla kijana hajatamka neno mbele ya kocha.

Utaona kuwa nasema kijana afanye, si wewe. Akishatimiza miaka 18 au akishaingia chuo kikuu, sheria ya serikali kuu inayolinda kumbukumbu za wanafunzi humpa yeye mamlaka juu ya habari zake, na ofisi inaweza kukataa kuzungumza nawe mpaka atie saini. Aende mwenyewe kwenye ofisi ya misaada ya fedha, aulize misaada inayotegemea kipato cha familia na inayotegemea alama za darasani, na ahakikishe fomu ya FAFSA, yaani ya kuomba msaada wa fedha za masomo wa serikali kuu, imejazwa kana kwamba ufadhili wa michezo haupo. Nadhani kwa historia yenu ya ukaazi hili halitawahusu, lakini nitaje kwa faida ya wasomaji wengine: mwanafunzi aliye kwa viza ya F-1 asipunguze vipindi wala kusaini mkataba wa malipo bila kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa kosa hapo hugusa haki yake ya kuwamo nchini.

Kuhusu uchovu wake, naomba usiuite uvivu hata moyoni. NCAA huweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za shughuli rasmi za timu wakati wa msimu. Hata hivyo mwaka 2014, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipotaka kuunda chama cha wafanyakazi, ofisa wa Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi huko Chicago alipima shughuli zao zote na kuona kwamba walitumia saa 40 hadi 50 kwa wiki katika msimu, na zaidi ya hapo katika kambi ya Agosti. Akaamua kuwa ni waajiriwa. Bodi kuu ilikataa mwaka 2015 kulishughulikia shauri hilo, kwa hiyo chama hakikuzaliwa, lakini hesabu ya saa haikufutika. Aliyeongoza harakati zile, Kain Colter, alieleza kwamba alifika chuoni akitaka udaktari, akaona vipindi vya sayansi vinagongana na mazoezi, mwishowe akasoma saikolojia. Mwanao na uhandisi wake hayuko peke yake.

Niliyevua_Kofia amejibu:

Shikamoo mama. Mimi nilicheza mchezo huu katika chuo kidogo ambacho hakuna aliyekijua nje ya wilaya yake, kwa hiyo umaarufu wa kijana wako sikuwahi kuuonja. Ila kuna swali ambalo ningetamani wakubwa wangu waniulize wakati ule, nalo ni hili: kipi hasa kati ya vitu hivi kimekufa ndani yake? Mchezo wenyewe, au macho ya watu, au mwili? Vitu hivi hufika vikiwa vimefungwa pamoja, na mchovu huvitupa vyote kwa mara moja, kisha baadaye huokota kimojawapo.

Umeuliza habari za nyota walioacha. Anayefanana na mwanao kwa nafasi ya uwanjani ni Ricky Williams. Alicheza Chuo Kikuu cha Texas, mwaka 1998 akatwaa tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa vyuo, na alimaliza chuo akiwa na yadi 6,279 za kukimbia na mpira, rekodi ya taifa kwa wakati ule. Mwaka 1999 kocha Mike Ditka wa timu ya NFL ya New Orleans Saints alimtaka kiasi cha kutoa nafasi zote za timu yake za kuchagua wachezaji wapya mwaka ule, pamoja na nafasi mbili za mwaka uliofuata, ili kumpata yeye mmoja. Fikiria uzito wa jambo hilo juu ya kijana wa miaka 21. Jarida moja likawaweka wawili hao kwenye jalada lake, kocha akiwa bwana harusi na Williams akiwa amevalishwa gauni la bibi harusi. Watu wakacheka sana.

Kumbe mtu huyo alikuwa na ugonjwa wa wasiwasi mkubwa mbele za watu. Alikuwa akihojiwa na waandishi akiwa amevaa kofia ya mchezo, kioo cheusi kikifunika macho, nao wakaandika kwamba ana kiburi au ana vituko. Ugonjwa ulipotambuliwa na akaanza kutibiwa, aliusema hadharani, jambo ambalo wachezaji wachache walithubutu kulifanya siku hizo. Mwaka 2002, akiwa Miami Dolphins, aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,853. Kwa hiyo tusidhani alikuwa ameshindwa kazi.

Majira ya joto ya 2004, siku chache kabla ya kambi ya mazoezi, akiwa na miaka 27, akatangaza kuwa anaacha. Nisimsafishe kupita kiasi: alikuwa amekutwa na bangi katika vipimo vya ligi na adhabu ilikuwa ikimngoja. Lakini hiyo ilikuwa sehemu tu ya habari. Alikwenda Australia akaishi kwenye hema, kisha akajiunga na chuo cha tiba ya asili ya Kihindi huko Grass Valley, California. Timu yake ilianguka, ikashinda mechi 4 tu kati ya 16, kocha wake akajiuzulu kabla msimu haujaisha, na mashabiki wa Miami walimtaja kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Timu ilimdai zaidi ya dola milioni 8 na ikashinda dai hilo.

Jambo ninalotaka ulione ni kwamba alirudi. Alirudi mwaka 2005, akafungiwa tena 2006, akacheza msimu mmoja Kanada, akarudi tena Miami, na mwaka 2009, akiwa na zaidi ya miaka 30, alivuka yadi 1,000 kwa msimu. Alistaafu kwa hiari baada ya msimu wa 2011. Mimi namsoma mtu huyu kama aliyeupenda mchezo na asiyeweza kuvumilia kutazamwa. Alipojifunza namna ya kuishi na macho ya watu, miguu yake ilikuwa bado na kazi.

Andrew Luck wa Chuo Kikuu cha Stanford ni habari nyingine. Alikuwa wa pili katika kura za Heisman mwaka 2010 na 2011, akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NFL mwaka 2012, na tarehe 24 Agosti 2019, akiwa na miaka 29, alisema kwamba mzunguko wa kuumia, kutibiwa na kuumia tena umemwondolea furaha ya mchezo. Habari zilivuja wakati mechi ya majaribio ikiendelea, na mashabiki wa timu yake ya Indianapolis wakamzomea akitoka uwanjani, mtu aliyewachezea na mbavu zilizoumia na figo iliyochanika. Baadaye alirudi Stanford kusoma shahada ya uzamili ya elimu, na Novemba 2024 akawa meneja mkuu wa timu ya futiboli ya chuo hicho.

Na yule wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1935? Alikuwa pia mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika historia ya uteuzi wa NFL, mwaka 1936, akashindwa kuelewana na timu juu ya malipo, akaenda kutafuta kazi ya kawaida. Hakucheza mechi hata moja ya kulipwa. Ile sanamu ya tuzo shangazi yake aliitumia kuzuilia mlango usijifunge.

Mzee_wa_Mvita amejibu:

Nimesoma yote kwa makini, na naomba niruhusiwe kutofautiana na vijana. Mama, mwanao ni mtu mzima, sawa, lakini miaka 20 au 21 ni umri ambao mwezi mmoja mbaya hufanana na maisha mazima mabaya. Nimelea watoto sita, baadhi yao katika nchi ya Kanada, na kila mmoja alipata kunijia akitaka kuacha kitu ambacho sasa anakishukuru. Mvumilivu hula mbivu.

Hao waliotajwa waliacha wakiwa na fedha benki. Kuacha ukiwa mwaka wa tatu, bila shahada, ni jambo jingine. Kama chuo sasa kinalipa wachezaji, basi msimu mmoja wa ziada unaweza kulipa ada ya wadogo zake, na sioni aibu kulisema hilo. Kumaliza mkataba pia ni adabu: wapo wenzake walioambiwa kwamba wakikimbilia kushoto yeye atakuwa kulia.

Nakubaliana na ndugu wa juu kuhusu jambo moja tu. Mjomba anyamaze. Mjomba ana haki yake katika ndoa na misiba, wala sioni haki yake katika magoti ya mpwa wake.

MamaWawili amejibu:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nilimsomea kijana majibu haya kwa simu, akacheka kidogo aliposikia habari ya sanamu ya kuzuilia mlango. Lile swali la kipi kimekufa alilichukua kwa uzito. Amesema kuwa akicheza na mdogo wake uani bado anafurahi, na kwamba mechi zenyewe, mpira ukiwa mkononi, si mbaya; kinachomuua ni siku sita nyingine za wiki.

Mzee wangu, hoja ya fedha nimeielewa, na wala sitaki kujifanya kwamba hatuzihitaji. Lakini katika mazungumzo hayo alitamka jambo ambalo sikulijua. Katika mechi moja ya mwezi Oktoba aligongwa, akainuka, akaendelea kucheza, na mpaka leo hakumbuki kipindi cha pili. Hakumwambia daktari wa timu kwa sababu kulikuwa na mechi kubwa Jumamosi iliyofuata. Tangu hapo huumwa kichwa akisoma kwa muda mrefu. Sasa sijui kama tunazungumzia uchovu wa moyo au kitu kingine kabisa.

Muuguzi_wa_Minnesota amejibu:

Dada yangu, hilo la Oktoba litangulie mengine yote, hata mkataba. Kusahau nusu ya mechi baada ya kugongwa ni dalili ya mtikisiko wa ubongo, na maumivu ya kichwa yanayorudi akisoma ni sababu tosha ya kumwona daktari wa ubongo wiki hii. Ni vyema awe daktari asiyelipwa na timu, ingawa daktari wa timu naye lazima aambiwe. Mpaka apimwe asiguse mazoezi ya kugongana. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo tunaloliogopa zaidi hospitalini. Mwambieni daktari pia habari za usingizi, hasira za ghafla na kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa kuwa mtikisiko wa ubongo huweza kuleta hali hizo, na mgonjwa mwenyewe akafikiri ni tabia yake iliyobadilika. Sisemi kwamba kuchoka kwake kote kumetokana na pigo moja. Nasema tu kwamba uamuzi mkubwa wa maisha usifanywe, wala usizuiwe, kabla ya kujua hali ya ubongo unaouamua.

Kuna mchezaji ambaye ningependa kijana asome habari zake. Anaitwa Chris Borland, alikuwa mlinzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 2013 alichaguliwa mlinzi bora wa jumuiya ya Big Ten. Timu ya NFL ya San Francisco 49ers ilimchukua mwaka 2014. Katika kambi yake ya kwanza aligongwa kichwani, akahisi kizunguzungu, akaendelea kwa sababu alitaka kupata nafasi katika timu, sawasawa na alivyofanya mwanao. Tofauti ni kwamba Borland alianza kujiuliza maswali na kusoma utafiti wa madaktari. Alicheza msimu mmoja, tena msimu mzuri sana, na Machi 2015, akiwa na miaka 24, akaacha na kurudisha sehemu kubwa ya malipo aliyopewa kwa kusaini mkataba. Alisema wazi kwamba hakuwa mgonjwa, bali hakutaka kungoja awe mgonjwa ndipo aache.

Utafiti nao ueleweke kwa kipimo chake. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza matokeo ya kuchunguza bongo za wachezaji waliokwisha kufariki. Kati ya 111 waliocheza NFL, 110 walikutwa na CTE, yaani maradhi ya ubongo yanayohusishwa na mapigo ya kichwa ya miaka mingi. Kati ya 53 walioishia chuoni, 48 walikutwa nayo. Takwimu hizi hazimaanishi kuwa tisa kati ya kila wachezaji kumi wa vyuo wataugua, kwa sababu bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikuwa tayari zimeona dalili. Lakini zilitosha kumfanya mtu kufikiri. Siku chache baada ya kutangazwa, John Urschel wa Baltimore Ravens, aliyekuwa akisoma hisabati katika chuo cha MIT huku akicheza, aliacha mpira. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 2021, na sasa anafundisha hapo hapo.

Mzee wa Mvita, kwa heshima zote, wenzake wa timu watampata mwingine wa kukimbilia kulia.

Mzee_wa_Mvita amejibu:

Binti yangu muuguzi, sikulijua hilo la Oktoba nilipoandika. Kwa kichwa sina ubishi. Apimwe. Lakini akipimwa akakutwa mzima, hoja yangu ya shahada naiacha mezani palepale.

Mshauri_Mstaafu amejibu:

Mzee, shahada ndiyo hoja ya sisi sote, na nadhani hapo ndipo tunapokutana.

Mama, taarifa hii inabadilisha mpangilio wa niliyoyasema mwanzo. Akishaonana na daktari, apate maelezo ya maandishi, kwa sababu mchezaji anayesimamishwa na madaktari ana nafasi nzuri zaidi ya kubaki na ufadhili wake kuliko yule anayejitoa kwa sababu binafsi, na vyuo vingi vina utaratibu wa kumweka mchezaji wa namna hiyo kama mwanafunzi mwenye ufadhili asiyecheza. Asikubali kusaini fomu yoyote ya kujiondoa kwa hiari wakati uchunguzi haujaisha, hata kama kocha msaidizi atamwambia kuwa ni karatasi ya kawaida. Asiingize pia jina lake katika mfumo wa uhamisho wa wachezaji kwa ushauri wa marafiki, kwa kuwa kufanya hivyo hukipa chuo nafasi ya kusitisha ufadhili wake kuanzia muhula unaofuata.

Akikutwa mzima na bado anaupenda mpira wenyewe, kama alivyosema, basi kuna njia ya kati ambayo nimewaona wachache wakiifuata: kuomba kupumzishwa msimu mmoja huku akibaki chuoni, simu yake ikibadilishwa namba na kurasa zake za mitandao zikifungwa. Asipokuwa mzima, au akiona kwamba hata mpira wenyewe hautaki tena, ataondoka akiwa na karatasi zake mkononi.

Uhandisi usisubiri lolote kati ya hayo. Aende kwa mshauri wa kitivo cha uhandisi, si yule wa idara ya michezo, aulize ni vipindi vingapi vya hisabati na fizikia anavyokosa ili akubaliwe kuhamia, na ni vipi anaweza kuvichukua majira ya joto. Kwa kawaida mwisho wa kubadilisha vipindi huwa wiki ya kwanza au ya pili ya muhula, na maabara za mwanzo hujaa mapema kuliko hapo.